Wasichana Wanne na Jiwe la Mwisho

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana hadithi hii mwishoni itawadai jibu, na sitaki mtu aniambie hakusikia vizuri.

Palikuwa na wasichana wanne wa Makete, kule Nyanda za Juu Kusini, ambako mwezi wa sita na wa saba majani huamka asubuhi yamepakwa barafu nyembamba, nyeupe kama sukari. Walisoma shule moja ya sekondari, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Ikupa alikuwa na jicho. Ukirusha mpira ukutani, yeye alishajua utaangukia wapi kabla haujagonga. Kaka zake waliacha kucheza naye bao, kwa sababu alikuwa akiona kete zitakapoishia wakati wao bado wanahesabu mashimo.

Twilumba alikuwa na mkono. Kwao, mafuta ya taa yakitakiwa kumiminwa kwenye kibatari, aliitwa yeye, hata kama yuko mbali, kwa sababu hakuwahi kumwaga hata tone. Hakuwa na nguvu nyingi. Alikuwa na utulivu.

Sekela alikuwa na pumzi. Mlima wa kwenda shuleni aliupanda akiimba, wenzake nyuma wameshika viuno na kumwomba anyamaze, maana hata kumsikiliza kulikuwa kunawachosha.

Na Atuganile, ambaye kila mtu alimwita Atu, alikuwa na ulimi. Msinielewe vibaya, hakuwa msengenyaji. Ulimi wake tu haukuweza kulala na jambo la kweli. Siku moja kwaya yao ilipewa ushindi, watu wanapiga vigelegele, Atu akasimama na kusema, "Jamani, ubeti wa tatu mimi nilikosea." Hakuna aliyekuwa amegundua. Mwalimu wa kwaya hakumwongelesha wiki nzima.

Sasa, mwalimu wao wa michezo aliitwa Mwalimu Tusekile. Alikuwa amesoma nchi ya baridi, na huko alijifunza mchezo ambao wenyewe huuita kelingi. Ni mchezo wa mawe juu ya barafu. Kila timu ina mawe yake, mazito, ya mviringo, yenye mpini juu. Mtu mmoja analisukuma jiwe taratibu, linateleza uwanja mzima kwenda kwenye duara kubwa lililochorwa upande wa pili, na timu ambayo jiwe lake limekaa karibu zaidi na kitovu cha duara ndiyo inayopata pointi. Nahodha anasimama kule kwenye duara na kuonyesha njia. Wawili wanakimbia mbele ya jiwe wakiifagia barafu kwa brashi, maana barafu iliyofagiwa inalainika kidogo, na jiwe linakwenda mbali zaidi na kunyooka zaidi.

Makete hakuna uwanja wa barafu. Lakini kulikuwa na ghala la baridi la kuhifadhia viazi vya mbegu, na viazi vikishatoka ghala lilibaki tupu. Mwalimu Tusekile aliliomba, akaongeza baridi ya mitambo, akamwaga maji sakafuni, yakaganda. Mawe hawakuwa nayo, basi walichukua vidumu vya lita tano, wakavijaza maji, wakaviacha vigande navyo. Watu walipita mlangoni, wakachungulia, wakaona wasichana wamevaa masweta wanasukuma vidumu na kuvikimbilia na mifagio. Wengine waliondoka wakicheka. Wengine walirudi kesho yake na watoto wao.

Ikupa akawa nahodha. Twilumba akawa mtupaji wa mawe ya mwisho. Sekela na Atu wakawa wafagiaji. Na wavulana nao wakaona wivu, wakaunda timu yao chini ya kijana aitwaye Lusajo. Nitafupisha hapa, maana njia ilikuwa ndefu: ikafika siku timu zote mbili, ya wasichana na ya wavulana, zikaalikwa kwenye mashindano ya kimataifa ya vijana, katika mji mmoja wa kaskazini ambako saa tisa alasiri jua linakuwa limeshaaga.

Twilumba aliposhika jiwe halisi kwa mara ya kwanza, lile la mwamba lililosuguliwa likang'aa, alilipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe mgeni.

"Zito," alisema.

"Litakuzoea," Mwalimu Tusekile akamjibu.

Halikumzoea upesi. Walifungwa mechi ya kwanza, wakafungwa ya pili, na iliyofuata. Walifungwa na timu ambazo watoto wake wameanza kuteleza kabla ya kuota meno. Wavulana nao wakapigwa mpaka wakamaliza mechi zao zote mikono mitupu, na kanuni ilikuwa wazi: timu ya mkiani inatoka, mwakani haiitwi. Lusajo aliingia chumba cha kubadilishia nguo akafunga mlango, akakaa humo mpaka walipomtoa kwa maneno matamu.

Ikabaki mechi moja tu ya wasichana, dhidi ya Finland. Finland nao walikuwa na mashindano mabaya mwaka ule, wagonjwa wengi, bahati mbaya juu ya bahati mbaya. Atakayeshinda anabaki. Atakayeshindwa anatoka, na njia ya kufika tena mashindano haya anaianza upya.

Siku ya mechi, wakati wa kupasha misuli, Sekela aliteleza akaangukia ubavu. Daktari wa mashindano akamgusa hapa na pale, akasema hakuna mfupa uliovunjika, lakini kila pumzi itauma na ni afadhali apumzike. Timu haikuwa na mchezaji wa akiba.

"Mwalimu," Sekela akasema, "una kitenge?"

"Cha nini?"

"Nifunge."

Mwalimu Tusekile alimtazama sana. Kisha akatoa kitenge kwenye mkoba, akamzungushia kifuani na kukaza, na Sekela akavaa jezi juu yake.

Wakacheza. Na siku ile, sijui niseme nini kilichotokea, ila wasichana wale walicheza kama wako kwenye ghala lao la viazi. Wakipata pointi, Finland wanarudisha. Finland wakitangulia, wao wanawafikia. Wavulana walikuwa jukwaani wakiimba na kupiga makofi mpaka walinzi wakaja kuwaomba wapunguze, na walinzi wenyewe wakaishia kupiga makofi. Raundi ya mwisho ikafika, matokeo yakiwa sare. Kila timu ilibakiwa na mawe machache, na jiwe la mwisho kabisa lilikuwa la Tanzania.

Twilumba alisukuma jiwe lake la kabla ya mwisho. Sekela na Atu wakalifagilia. Jiwe likaja, likapita katikati ya mawe mengine kama mtu anayepita sokoni bila kumgusa mtu, likasimama kwenye kitovu chenyewe. Kitovuni! Lusajo akarukia kiti. Mwalimu Tusekile akafunika uso.

Na Atu akainua mkono.

"Nimeligusa," alisema. "Brashi yangu imeligusa jiwe."

Sekela akageuka. "Nini?"

"Limenigusa kidogo pale mwanzoni mwa duara."

"Atu, nyamaza. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

Mchezo huu una desturi moja ambayo inawashangaza wageni: mwamuzi hakimbizani na wachezaji. Ukikosea, unatarajiwa useme mwenyewe. Na ukishasema, nahodha wa wapinzani ndiye anayechagua jiwe liondolewe, lirekebishwe, au libaki.

Nahodha wa Finland aliitwa Maarit, msichana mrefu mwenye nywele fupi. Alimtazama Atu kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani kwa lugha asiyoijua. Kisha akasema jiwe liondolewe. Ilikuwa haki yake, na sisi tusimlaumu.

"Umetuuza!" Lusajo alipiga kelele kutoka jukwaani. "Atu, umetuuza!"

Sekela alikuwa ameinama, mkono ubavuni, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuna aliyejua ni ya maumivu au ya hasira. Labda hata yeye hakujua. Atu alisimama peke yake na brashi yake, lakini hakulifuta neno lake.

Maarit akasukuma jiwe lake la mwisho. Likakaa karibu na kitovu, na mbele yake yakabaki mawe mawili yamesimama kama geti lililofungwa. Likabaki jiwe moja tu, la Twilumba.

Mwalimu Tusekile akaomba muda wa kuongea na timu. Twilumba alitaka kupita pembeni mwa geti polepole na kuomba Mungu. Sekela alikubaliana naye, na Atu pia. Hata mwalimu akasema hiyo ndiyo njia ya busara.

Ikupa akatikisa kichwa. "Pembeni hakuna nafasi. Litagonga."

"Sasa tufanye nini?"

Ikupa akaonyesha kwa brashi jiwe lao jingine, la zamani, lililokuwa limesahauliwa ukingoni mwa duara. "Lipige lile ubavuni. Ukiligusa pale, jiwe lako litageuka, litaingia ndani kwa nyuma ya geti."

"Ikupa, hiyo haipo."

"Ipo. Naiona."

"Tukikosa?"

"Mtasema ni mimi."

Wakarudi kila mtu mahali pake. Ikupa akasimama kule mbali na kuweka brashi yake juu ya barafu, mahali ambapo hakuna mtu mwingine angepaweka.

Twilumba akapiga goti. Alilisukuma jiwe na kuliachia kwa vidole, laini kabisa, likielekea palepale Ikupa alipoonyesha, bila kupotoka hata upana wa kucha. Makocha wa nchi nyingine walisema baadaye kwamba hawajaona mkono wa kijana ukiachia jiwe namna ile. Lakini njia ilikuwa ndefu, na barafu ya jioni ilikuwa imeanza kuwa nzito. Jiwe likaanza kuchoka mapema.

"Fagia!" Ikupa akapiga kelele. "Fagia! Sekela!"

Sekela akafagia. Mfagiaji hutegemea uzito wake wote juu ya brashi, na uzito wa Sekela wote ulipita kwenye ule ubavu. Aliimba. Nasema kweli, alikuwa anaimba kwa meno yaliyobanwa, wimbo wa mlima wa shule, ili asipige mayowe. Atu alikuwa pembeni yake akifagia naye, macho hayabanduki kwenye brashi yake. Jiwe lililokuwa linakufa likapata uhai, likatambaa, likaligonga lile la ukingoni ubavuni, likageuka, likaingia nyuma ya geti. Sekela akaanguka chini hapohapo na hakuinuka.

Jiwe likapita kitovu kidogo. Hapo, kwa kanuni za mchezo, mpinzani anaruhusiwa kulifagilia lisogee mbali zaidi, na Maarit akaruka na brashi yake, akafagia kwa nguvu zake zote. Jiwe likasogea, likasimama. Mwamuzi akainama, akatazama. Jiwe la Finland lilikuwa karibu zaidi na kitovu.

Wasichana wa Finland wakakumbatiana. Lusajo akaketi na kuweka kichwa kati ya magoti. Twilumba alikuwa bado amepiga goti kule mwanzo, hajui asimame au abaki.

Ndipo Maarit akainua mkono.

Wenzake wakamwita, hakugeuka. Alimwendea mwamuzi akasema, "Brashi yangu imelisukuma. Lilikuwa limeshafika mwisho, mimi nikalisukuma." Akainama, akaweka kidole juu ya barafu. "Lilikuwa linasimama hapa."

Mwamuzi akamuuliza Ikupa kama anakubali. Ikupa, mwenye lile jicho lake, alitazama kile kidole, akasema ndipo hasa. Jiwe likarudishwa pale. Kipimo kikaletwa, kikazungushwa. Jiwe la Tanzania lilikuwa karibu zaidi, kwa unene wa kidole kile.

Sitawaelezea kelele zilizopigwa. Nitawaambia tu kwamba Maarit alipopita mbele ya Atu alisimama, akamwambia kwa Kiingereza, kile cha shuleni ambacho wote wawili walikuwa nacho, "Nilikuwa nakufikiria wewe." Kisha akaenda kulia na wenzake.

Kesho yake asubuhi, wakiwa wanapata chai, mama mmoja wa kamati ya mashindano, Bi. Ragna, akaja mezani kwao akitabasamu. Alisema kamati inatoa zawadi kwa timu iliyoonyesha mchezo wa kukumbukwa: nafasi ya kukaa mji ule mwaka mzima, kufundishwa na makocha wakubwa, na kurudi nyumbani ukiwa kocha kamili. Wasichana wakapiga vigelegele.

"Ila nafasi ni moja," Bi. Ragna akasema. "Mchague wenyewe. Basi la uwanja wa ndege likifika, mniambie jina."

Vigelegele vikaisha.

"Mwalimu, chagua wewe," Twilumba akasema.

"Mimi nimewafundisha kucheza," Mwalimu Tusekile akajibu. "Mechi mmeshinda wenyewe. Zungumzeni."

Ikupa ndiye aliyeanza. "Nitasema ukweli, naitaka. Wote mlitaka kupita pembeni. Hata wewe, Mwalimu. Njia niliiona mimi peke yangu, na ingeharibika, lawama ingekuwa yangu peke yangu."

"Kuona njia ni kitu kimoja," Sekela akasema. "Nani aliipita? Mkono wa Twilumba ungetetemeka kidogo tu, jicho lako lingetusaidia nini?"

"Jiwe langu lilikuwa linafia njiani," Twilumba akasema polepole. "Nililiona mwenyewe. Sekela ndiye aliyelifikisha, na mpaka sasa hawezi kucheka bila kushika ubavu."

Sekela akacheka, akashika ubavu. "Lakini tuseme kweli yote. Atu angenyamaza, jiwe la kabla ya mwisho lingebaki kitovuni, na labda nisingehitaji kujiumiza zaidi."

"Na mimi nisingenyamaza," Atu akasema. "Ila sijaomba nafasi. Mpeni Sekela."

"Hapana, subiri," Twilumba akasema. "Atu asingeinua mkono, Maarit naye angeinua wake? Tungekuwa tunarudi nyumbani na Lusajo analia kwenye ndege."

"Hilo hulijui," Ikupa akasema. "Labda Maarit ni mkweli siku zote."

Lusajo, aliyekuwa anasikiliza meza ya pili, akashauri wafumbe macho na kila mmoja anyooshe kidole kwa anayemtaka. Wakafanya hivyo. Walipofumbua, kidole cha Ikupa kilikuwa kifuani mwake mwenyewe. Twilumba alimnyooshea Atu, Atu alimnyooshea Sekela, na Sekela alimnyooshea Twilumba. Vidole vinne, watu wanne. Wakacheka mpaka Sekela akaomba huruma.

Ndipo Twilumba akainuka, akavuka ukumbi hadi meza ya Finland. Maarit alikuwa anakoroga uji wake bila kuula.

"Samahani," Twilumba akamwambia. "Nina swali moja tu. Atu asingesema jana, wewe ungesema?"

Maarit aliacha kukoroga. Hakukasirika.

"Sijui," alisema. "Usiku nimejiuliza hivyohivyo. Nikijiuliza mara moja, nasema ndiyo. Nikijiuliza tena, nasema hapana."

Twilumba akarudi na jibu hilo, wakabaki palepale walipokuwa. Lakini kitu kimoja walikubaliana, na walikubaliana kwa kushikana mikono: Mwalimu ndiye atakayetaja jina, na yeyote atakayetajwa, hakuna atakayenuna. Atakayebaki atajifunza kwa niaba ya wote, na watakaorudi wataandaa timu ya mwakani, maana nafasi ya Tanzania kwenye mashindano ipo, haijaenda popote. Lusajo naye akaomba kuwa mwanafunzi wa kwanza wa kocha huyo, awe nani.

Basi likafika. Mizigo ikapakiwa, wavulana wakapanda, wasichana wanne wakasimama pembeni ya mlango, pumzi zao zinafuka moshi kwenye baridi. Bi. Ragna akamwendea Mwalimu Tusekile.

"Jina?" akauliza.

Mwalimu Tusekile akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama Ikupa, aliyeona njia ambayo wengine wote hawakuiona. Akamtazama Twilumba, aliyelituma jiwe kwenye njia hiyo bila kukosea. Akamtazama Sekela, aliyelifikisha kwa ubavu unaouma. Akamtazama Atu, aliyesema neno ambalo lilikaribia kuwapotezea kila kitu, na huenda ndilo lililowarudishia.

Mimi nanyamaza hapa, na dereva ameshawasha injini. Haya, nyinyi mliokaa hapa mbele yangu, na wewe uliyejificha kule nyuma: ungekuwa wewe ndiye mwalimu, ungetaja jina la nani, na wale watatu ungewaambia nini?